Mtoto Aliyezidi Wodini

Hospitali yetu ilikuwa na chumba cha kunyonyeshea. Asije mtu akasema haikuwa nacho. Kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, ubavuni mwa wodi ya wazazi ya kulipia: viti vya sponji, feni, sinki safi, pazia la maua, na ukutani picha ya mama anayetabasamu, mtoto kifuani, chini yake maandishi makubwa kwamba maziwa ya mama ni haki ya kila mtoto. Mlangoni kulikuwa na kitasa. Funguo alizishika mkuu wa utawala, akiwapa watumishi walioajiriwa, yaani madaktari, manesi na makarani. Sisi wa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, tulikuwa vibarua. Pazia lile la maua tulilifua sisi. Tulilipiga pasi, tukalipandisha juu linanukia, tukashuka.

Wenzangu wananiita Redio, kwa kuwa sizimiki. Tofauti ni kwamba redio hutangaza ikasahau, mimi sisahau. Namkumbuka aliyekuwa akijikamua kwenye mtaro wa maji ya sabuni, uso ukutani, huku nyumbani mwanawe akinyweshwa maji ya sukari. Namkumbuka aliyejifunga kifua kwa kipande cha shuka bovu ili maziwa yakauke haraka. Yalikauka, na ziwa likatunga usaha. Namkumbuka aliyeacha kunyonyesha ili asiache kazi, na aliyeacha kazi ili asiache kunyonyesha, na wote wawili waliishia kulaumiwa na mama wakwe zao. Wote waliambiwa wavumilie. Maishani mwangu sijasikia mwenye nacho akiambiwa avumilie.

Kisha ikaja zamu ya Sindano.

Sindano alikuwa mshonaji wetu. Shuka likichanika wodini, lilikuja kwake. Jina alilipata kwa kazi na kwa umbo pia, maana hata akiwa na mimba tulimtania kwamba anaonekana kama uzi uliofungwa fundo. Alijifungua mtoto wa kiume, akarudi kazini mapema kwa sababu kibarua asiyefika halipwi. Mtoto akabaki na jirani. Kikombe alikikataa, chupa aliitema, jirani akamtengenezea uji mwepesi. Tumbo likaharibika, mtoto akapukutika hadi macho yakaonekana makubwa kuliko kichwa. Akaletwa hospitali hii hii. Daktari akamkaripia mama yake: "Ziwa tu mpaka atimize miezi sita! Ziwa tu, mama, umesikia?"

Alisikia. Mtoto alipopata nafuu, Sindano akaenda moja kwa moja kwa Msimamizi wetu, mtu ambaye alishuka kwetu kwa nadra kwa sababu mvuke ulimharibia mikunjo ya suruali. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Bosi, naomba nafasi ya kunyonyesha. Jirani atamleta mtoto getini, nampa ziwa, narudi kazini."

"Nikikuruhusu wewe, kesho wote mtazaa."

"Basi kile chumba cha juu?"

"Kile ni cha watumishi. Nyinyi ni vibarua."

Sindano si msemaji. Ungeweza kukaa naye kutwa nzima usipate neno ila "nipe mkasi". Lakini siku ile alijitazama kifuani, pale blauzi ilipokuwa imelowa, akamwuliza kwa upole kabisa, "Na haya maziwa, bosi, nayo ni kibarua?"

Msimamizi akamwambia arudi kwenye cherehani yake kabla hajatafutiwa mahali pengine pa kuchekeshea watu.

Mimi damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Bi Doa akanivuta mkono. "Redio, punguza sauti kidogo, dada. Leo tutumie akili. Kelele zako ziweke, tutazihitaji."

Bi Doa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu upande wa nguo safi. Jicho lake halikuacha doa lipite. Kwenye harusi ya mwanawe alimvua bwana harusi koti mbele ya wageni kwa tone moja la mchuzi, na sherehe ikasimama hadi lilipotoka. Mtu kama huyo akisema tutumie akili, unakaa chini unasikiliza.

Chumba chetu kiligawanywa pande mbili kwa ukuta. Upande mchafu ndiko shuka zilikoshukia kutoka wodini, na damu yake, na matapishi yake. Huko wanawake walivaa mabuti na glavu hadi kwenye viwiko. Upande safi ndiko tulikokausha, tulikopitisha shuka kwenye rola ya pasi, tulikokunja na kushona. Penye kona ya cherehani kulikuwa na dirisha, upepo, na mvuke haukufika. Bi Doa akalisogeza pale toroli moja la zamani, lenye rafu mbili na turubai mbele. Rafu ya juu tuliweka mataulo kama kawaida. Rafu ya chini tukaiosha kwa dawa, tukaitandika mablanketi laini, tukalifunga turubai nusu ili hewa iingie. Asubuhi Sindano alipita mlango wa nyuma na kapu lake, na ndani ya kapu, mtu.

Tulimwita Meneja. Alilala kazini, akiamka alipiga kelele, na kila mtu alikimbia kumhudumia bila kumwuliza amefanya nini leo.

Msidhani ilikuwa mchezo. Tulikuwa na sheria kali kuliko za wodini. Wa upande mchafu hamgusi mtoto, hata akiwa amenawa, hata akiwa anampenda vipi. Mama Mabuti, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kugombana na aproni, alisimama mlangoni akampungia glavu kwa mbali: "Meneja, habari za ofisini? Nishikie nafasi hapo, wangu yuko njiani!" Sindano alipoketi kunyonyesha, cherehani haikunyamaza, aliyekuwa karibu aliikalia. Tulijifunza kushona sote. Mishono yetu ilikwenda kama mlevi anayetafuta nyumba, lakini sijasikia mgonjwa aliyelalamika kwa sababu ya mshono. Na kwa kuwa shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, lazima wawili mkabiliane, mmoja akiondoka mwingine aliruka kushika ncha zake kabla halijagusa sakafu. Msimamizi akionekana ngazini, aliyekuwa kwenye rola aligonga bomba.

Toroli la Meneja lilifungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Maana yake: usiguse, lina mtu. Babu Magurudumu, mzee aliyesukuma matoroli ya nguo safi hadi wodini, alilijua hilo kuliko sala zake. Alilizunguka toroli lile kwa heshima, akinong'ona, "Samahani, Meneja."

Na mtoto akanenepa. Mapaja yakaota mikunjo, ule uso wa kizee ukamtoka, akaanza kutucheka tukipiga chafya. Tulimtazama kama watu wanavyotazama nyumba waliyoijenga wenyewe. Wengine wetu hatukuwahi kumiliki kitu kingine chochote cha kujivunia katika jengo lile, ila mikunjo ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya heka heka. Juu wodi ya kulipia ilitaka mataulo haraka, chini mashine moja ilikuwa inavuja. Meneja alikuwa ameshiba, amelala. Sindano alikuwa amepeleka shuka zilizoshonwa kwenye rola. Bi Doa akapita kwenye kona. Akaona kitambaa chekundu kimepata doa la mafuta ya magurudumu.

Nani mwingine duniani angelifanya kosa lile? Karani angepita. Daktari angepita. Bi Doa mkono wake ulikifungua kitambaa kabla akili haijafika, akakitupa kwenye mashine pamoja na nguo za rangi, akaendelea na safari yake akiwa ameridhika. Nyuma yake akaja Babu Magurudumu. Akaona toroli, mataulo yamepangwa vizuri juu, mpini mtupu. Akasukuma.

Sindano aliporudi alikuta alama za magurudumu sakafuni.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Toroli liko wapi?" na sauti yake ilitoka ndogo hivi kwamba sote tuliisikia. Bi Doa akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kitambaa! Mungu wangu, nimekifua!"

Vibarua tulikuwa na lifti yetu ya mizigo. Ngazi ya mbele, ile ya marumaru, haikuwa yetu, na bango la kutuambia hivyo lilikuwepo. Sindano hakusoma bango. Alikimbia, mimi nyuma yake, nyuma yangu Bi Doa anajilaani kila kipandio, na nyuma ya Bi Doa upande safi wote. Nikasikia kitu ambacho sikuwahi kusikia mchana katika miaka yangu yote mle: kimya. Kuna mtu alikuwa amezima mashine. Halafu nikasikia mabuti. Upande mchafu nao walikuwa wanapanda, na maji yanawatiririka.

Huko juu kulikuwa na zogo la aina yake. Wodi ya wazazi ikikosa mtoto mmoja wanajua la kufanya: wanafunga milango, wanaita walinzi. Ikizidi mtoto mmoja, hawajui waite nani. Sista wa wodi alikuwa amefungua turubai akitafuta mataulo, akakutana na macho mawili. Sasa alikuwa amempakata Meneja, manesi wanakimbia kitanda hadi kitanda.

"Hesabuni tena! Huyu hana utepe mkononi!"

"Sista, labda kuna pacha hatukumwona."

"Pacha mwenye mapaja haya? Alizaliwa jana akaanza shule leo?"

Babu Magurudumu alikuwa amejibana ukutani, kofia mkononi. "Mimi nimeleta mataulo," alikuwa akisema. "Mataulo tu, wanangu. Hayo mengine siyajui."

Meneja alikuwa ameamka kwa njaa na kwa hasira, na analia kwa sauti ambayo tuliilisha sisi wenyewe. Sindano akapenya katikati. Aproni yake ilikuwa imelowa kifuani kabla hajamfikia.

"Wewe ni nani?" akauliza Sista.

"Mama yake."

Sista alitaka kuuliza swali jingine, lakini mtoto alikwisha kugeuza shingo, kinywa wazi, anatafuta. Akamwachia. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi, karani fulani alikuwa ametoka muda huo huo. Sindano akaingia, akakaa kwenye kiti cha sponji chini ya picha, akafungua vifungo. Kilio kikakatika. Ukumbi mzima ulisikika ukimeza mate pamoja na mtoto.

Hapo ndipo Msimamizi alipofika, anahema. "Simama! Toka humo! Umefukuzwa, wewe na toroli lako!"

"Ng'ombe hafukuzwi ndama akiwa chuchuni," nikamwambia. "Ngoja ashibe, ndipo ujisifu."

"Redio, nawe pia umefukuzwa!"

"Mara ya ngapi hii? Nizoee lini?"

Milango ya vyumba vya kulipia ilikuwa inafunguka mmoja mmoja. Akina mama waliotoka kujifungua walisimama na magauni yao marefu, wanatazama. Ndipo mkuu wa utawala akapanda, mama wa makamo, miwani imening'inia kwenye mnyororo, hatua zake hazina haraka. Alitazama marumaru iliyojaa nyayo za mabuti, akatutazama sisi, akatazama milango iliyofunguka. Ni mtu mwenye akili, sitamnyima hilo. Akaingia chumbani, akainama kwa Sindano kama ndugu, akasema kwa sauti ya chini, ila mimi nilikuwa mlangoni:

"Binti, hujafukuzwa. Msimamizi amepandwa na hasira tu. Nitakupa ufunguo wako mwenyewe. Jirani atamleta mtoto, utapanda, utanyonyesha kwa raha zako. Wewe peke yako. Wenzako warudi chini sasa hivi, na jambo hili liishie hapa."

Akauweka ufunguo kwenye mkono wa kiti. Ulikuwa mdogo, unang'aa.

Hakuna hata mmoja wetu ambaye angemlaumu kama angeuchukua. Mtoto wake alikuwa amerudi kutoka kaburini, na dawa yake ilikuwa pale, karibu na kiwiko chake. Akiukataa, anaweza kushuka na kazi imekwisha, arudi kwenye uji wa jirani au kwenye njaa ya nyumba nzima. Nilifungua mdomo nimwambie chukua, mdogo wangu, chukua. Kwa mara ya kwanza tangu nijulikane kama Redio, sauti haikutoka.

Sindano alimtazama Meneja. Kisha akatazama mlangoni, ambako Mama Mabuti alikuwa ameegemea ukuta, tumbo mbele, anapumua kwa shida baada ya ngazi zile, mabuti yake yanatengeneza dimbwi.

"Mama Mkuu," akasema, "watoto wako ulinyonyeshea humu?"

"Wote."

"Lile pazia lilichanika wakati wa yule wa mwisho. Nilishona mimi. Sikuwa nimeolewa hata."

Mkuu wa utawala aligeuka kulitazama lile pazia la maua.

"Ufunguo siutaki. Nikiuchukua, dada yangu yule akijifungua atakuja kuniomba mimi, na mimi ndiye nitakayemwambia subiri. Siwezi hiyo kazi. Nina kazi ya kushona." Akamweka mtoto vizuri. "Toeni kitasa."

"Na nikikataa?"

"Nitamnyonyesha mwanangu mpaka ashibe, nimbebe, niende nyumbani. Sina ugomvi na mtu."

Hakuinua sauti. Mimi nimehutubia watu juu ya mapipa na mabenchi maisha yangu yote, na sijawahi kusema neno lililofika mbali namna ile. Bi Doa alifika mlangoni, akaitazama sakafu iliyotapakaa tope la mabuti, akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu, akakaa. Bi Doa! Juu ya uchafu, na aproni nyeupe! Tulipoona hivyo sote tukakaa, upande safi na upande mchafu, tumebanana kwenye ule ukumbi kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Babu Magurudumu naye akatazama huku na huku, akavuta toroli lake, akalikalia.

"Waamrishe washuke," mkuu wa utawala akamwambia Msimamizi.

"Mama, si unaona wamekaa?"

Simu ikalia kwenye meza ya Sista. Chumba cha upasuaji kilikuwa kinauliza vitambaa vyao vya kijani viko wapi. Sista akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja. Sikumtarajia mtu huyu. Tulizoea kumwona akihesabu mataulo kama tunayala.

"Mama," akamwambia mkubwa wake, "wanauliza nguo. Mimi nina wazazi wamelala kwenye shuka mbichi. Na huyu mtoto ndiye mwenye afya kuliko wote tuliowahesabu leo. Kitasa ni skrubu tu."

Mmoja wa wale akina mama wa magauni marefu akacheka. Si kicheko cha dharau, alikuwa na mtoto wake mkononi, akasema, "Kitoeni bwana, tulale."

Mkuu wa utawala alipitisha macho tena kwenye ile milango iliyofunguka. Sijui alikuwa anahesabu nini. Labda vitanda, labda aibu. Mwishowe akavaa miwani yake, akasema mwite fundi.

"Kinafunguliwa kwa nani?" nikauliza. Sauti ilikuwa imenirudia. "Sema kwa nani, Mama Mkuu, tusikie sote, maana maneno ya ofisini yakishuka ngazi huwa yanachoka."

Akanikata jicho. Lakini akasema, na kwa sauti iliyofika kwenye ngazi: "Kwa kila mama anayefanya kazi katika jengo hili. Anayepasua, anayeandika, anayefua. Na atapewa muda wake, bila kukatwa."

"Na mtoto atakaa wapi mama akiwa kazini?" akauliza Bi Doa kutoka sakafuni.

"Mnataka na hilo?"

"Dada yangu mkubwa amestaafu. Ana mikono safi. Atakaa nao humu." Akaongeza, "Mimi mwenyewe nitakagua."

Fundi akaja na bisibisi, akapiga magoti mlangoni, akaanza kuzungusha. Tulikuwa tunasikiliza skrubu moja moja ikilegea, na nikawakumbuka wale wote waliojikamua kwenye mtaro, nikatamani wangekuwepo wakae nasi sakafuni. Ndani, Sindano akamhamishia Meneja ziwa la pili bila kututazama, kama mtu aliye sebuleni kwake.

Kitasa kilipotoka, tulisimama tukaanza kujikung'uta turudi kazini, maana nguo za upasuaji zilikuwa zinasubiri na sisi si watu wa kuacha mgonjwa alale vibaya. Mama Mabuti hakusimama kuelekea ngazini. Alivua mabuti yake mlangoni, akanawa hadi viwikoni kwenye lile sinki safi, akaingia kwa miguu mitupu, akajishusha taratibu kwenye kiti cha pili, tumbo lote, mgongo wote.

"Wewe," nikamwambia, "hujazaa bado."

"Najua," akasema, akiegemea. "Napima kama kinanienea."